"Borrow" imeniaibisha saiti

fundi_umeme
Wakuu, mimi ni fundi umeme, nipo Nungwi. Juzi tunafunga taa kwenye nyumba ya wageni, drili yangu ikaungua. Msimamizi ni Mwingereza, mtu poa tu. Nikamfuata: "Borrow me your drill." Akatabasamu, akaingia stoo, akanitolea. Jioni akanivuta pembeni, eti ilitakiwa "lend". Sasa kama nimekosea, drili nimeipataje? Nimefungua kamusi, zote mbili wameandika "azima". Naomba mnitoe tongotongo.

mwalimu_mstaafu
Kamusi haijakudanganya, mwanangu. Azima yetu inakwenda pande zote. "Nimeazima drili kwa jirani", inakuja kwangu. "Niazime drili", inatoka kwako. Kitenzi kilekile, sisi tunaelewana kwa hiyo "ni-" ya mtendwa. Waingereza wamegawa: anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Ukikwama, jaribu kuweka "chukua" na "pa". Ukimwomba mtu akupe, "nichukue drili" haiendi, "nipe drili" inakwenda, basi hapo ni "lend". Ukitaka kubaki na "borrow", anza na wewe mwenyewe: "Can I borrow your drill?" Na hivyo ndivyo wenyewe wanavyoomba mara nyingi.

bibi_wa_ushuani
Mimi nililelewa hivi: sufuria unaazima, unga unakopa. Kinachorudi chenyewe ni azima, kinacholiwa kikalipwa kingine ni kopa. "Borrow" haijali hayo, sufuria na unga vyote humo humo. Lakini siku hizi hata sisi tumeharibu, mtu anakwambia "niazime elfu kumi". Yaani noti ileile itarudi?

mbeba_boksi
Fundi, usijisikie vibaya. Niko Minneapolis, na huku Minnesota utawasikia baadhi ya Wamarekani wenyewe wakisema "borrow me a pen". Wengi wa huku mababu zao walitoka Ujerumani, Norwei na Uswidi, na lugha za huko zina kitenzi kimoja kwa pande zote mbili, kama azima yetu. Kiswidi ni "låna", kuazima na kuazimisha. Shuleni wanasahihishwa kama wewe.

fundi_umeme
Shukrani mwalimu, hiyo ya "nipe" nimeinasa. Bibi, kwa unga umenimaliza. Kesho nahitaji ngazi yake, nitaanza na "Can I borrow". Drili bado ninayo, hajaiulizia, na mimi sijamkumbusha.