Tarehe ya mwisho ya alama imezikwa ukurasa wa 29, tena kichwa chini!

Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Ofisi mnaifahamu, sina haja ya kuitaja. Ni ile inayowatumia wahadhiri na wakuu wa idara "Taarifa za Taaluma" kila inapojisikia. Leo Ijumaa, saa 5:47 usiku, imeshusha nyingine. Kichwa cha barua pepe: "Taarifa". Ndani: "Tafadhali rejea kiambatisho." Kiambatisho kina kurasa 34, zote picha zilizoskaniwa, kwa hiyo ukitafuta neno "alama" kompyuta inakujibu halimo. Waraka wa alama, neno alama halimo!

Shukeni mpaka ukurasa wa 29. Umepinduliwa kichwa chini. Katikati ya aya ya utunzaji wa funguo za maabara ndipo walipochomeka kwamba matokeo yote yaingizwe kwenye mfumo kabla ya Jumatatu saa 2 asubuhi, kwa jedwali JIPYA, na la zamani halitapokelewa. Kwenye aya ya funguo! Watu wameshasahihisha, wameshajumlisha, wameshasaini, mtahini wa nje ameshapitia na kuondoka, ndipo mnabadilisha jedwali?

Jedwali lenyewe sasa. La zamani lilitaka alama ya mtihani ikiwa imeshageuzwa kuwa kati ya 60, unaongeza 40 za darasani, unapata 100. Jipya linataka mtihani kati ya 100, halafu linazidisha lenyewe kwa 0.6. Juu ya safu hawakuandika hivyo. Wameandika wapi? Ukurasa wa 29. Ukinakili alama ulizokuwa nazo, mwenye 45 kati ya 60 anaingia na 27. Kama darasani alipata 30, jumla yake ilikuwa 75, sasa ni 57. Darasa zima linaporomoka na mfumo umekaa kimya, kwa sababu 45 ni namba halali kati ya 0 na 100.

Kurasa 34, mstari mmoja tu unamhusu kila mtu, na huo ndio umepinduliwa! Angalieni muhuri wa ukurasa huo: umesimama wima, maandishi ndiyo yamepinduka. Maana yake kuna mtu alikaa na ile karatasi mezani ikiwa kichwa chini, akaigonga muhuri, akaridhika. Shingo yangu haitarudi kama ilivyokuwa.

Mzee wa Vikao

Nakazia. Waraka wa taaluma una mambo matano tu: nini kimebadilika, kinamhusu nani, kinaanza lini, mtu afanye nini, mwisho lini. Vyote vinaenea kwenye mwili wa barua pepe, bila kiambatisho. Kurasa nyingine 33 ziwe za anayetaka kusoma kifungu chenyewe. Na mabadiliko ya utaratibu wa alama yanatangazwa kabla muhula haujaanza. Mwanafunzi aliyeambiwa 40 kwa 60 wiki ya kwanza apimwe hivyo hivyo wiki ya mwisho.

Jedwali Tupu

Kuna baya zaidi ambalo mleta uzi hajaligusa. Kwenye jedwali hilo kisanduku kitupu kinahesabiwa sifuri. La zamani lilikuwa na herufi: aliyeahirisha kwa ugonjwa ana yake, asiyetokea bila taarifa ana yake, anayechunguzwa kwa udanganyifu ana yake. Jipya linapokea namba tu. Mgonjwa mwenye ruhusa halali anaingia na 0, wastani unazama, na akiwa na kozi tatu za hivyo anadisko, yaani anaondolewa chuo, akiwa kitandani. Wenye kuingiza usiku huu, msiache tupu na msiweke 0. Ondoeni mstari mzima wa huyo mwanafunzi, kisha mwandikieni mkuu wa idara jina, namba ya usajili na sababu, ili bodi ya mitihani iwakute kwenye orodha ya pembeni.

Hoja Binafsi

Mleta uzi, yaani msomi mzima unalia kwa kurasa 34? Silabasi zenu mnazigawa na kurasa 20, mwanafunzi akiuliza tarehe ya jaribio mnamjibu "kasome silabasi". Leo zamu yenu. Kasome.

Kalamu Nyekundu

Silabasi yangu haijapinduliwa! Na tarehe ya jaribio iko ukurasa wa kwanza. UKURASA WA 29, NDUGU. AYA YA FUNGUO.

Dawati la Mbele

Niseme kutoka upande wa pili wa kaunta, mnipige mawe mkimaliza kusoma. Ofisi haiwezi kutoa uamuzi ambao seneti haijaupitisha. Seneti inakaa Alhamisi, sekretarieti inaandika maamuzi, bosi anasaini Ijumaa jioni baada ya vikao vingine. Kwa sababu inatakiwa saini ya wino na muhuri, waraka unachapishwa, unasainiwa, unaskaniwa. Ndiyo maana unakuja picha. Faili la maandishi lipo kwenye kompyuta ya sekretarieti muda wote, ila hakuna aliyeagiza liambatanishwe, na hilo ni kosa, sibishi. Lakini msijifanye malaika. Bodi haiwezi kupitisha matokeo ya mwanafunzi mwenye pengo. Kozi moja ya lazima ikikosa alama, wanafunzi wote wa mwaka huo wanasubiri mhadhiri mmoja. Kila muhula yupo, na kila muhula simu yake haipatikani.

Mzee wa Vikao

Dawati, umesema kweli nusu. Saini iende ukurasa wa kwanza peke yake, uskaniwe huo, kurasa zilizobaki zitoke kwenye faili la maandishi. PDF mbili zinaunganishwa kwa dakika moja.

Sifuri ya Mbele

Mnabishana wakati bomu lenyewe liko kwenye upakuaji. Orodha ya majina inatoka kwenye mfumo kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Ukiibofya mara mbili ikafunguka kwenye Excel, namba ya usajili 004518 inakuwa 4518, na ukihifadhi imekwisha hiyo. Ukiipandisha, mfumo unakwambia mwanafunzi hayupo. Namba zenye tarakimu zaidi ya 15 ni balaa zaidi, kwa sababu Excel inashika 15 tu na kuanzia ya 16 inageuza sifuri, hivyo wanafunzi wawili tofauti wanapata namba moja. Namba ya aina ya 03/24 inageuka tarehe. Fanyeni hivi: fungua Excel tupu kwanza, ingiza data kutoka faili la maandishi, safu ya usajili ichague iwe maandishi kabla hujamaliza. Kisha linganisha idadi ya mistari na ya orodha ya awali ndipo upandishe.

Mama Kitivo

Sifuri ya Mbele ubarikiwe. Hili ndilo lingetakiwa kuwa kwenye waraka.

Nusu Alama

Na kuraundi je? Waraka unasema "alama ziwe namba nzima". Wapi? Kwenye kila kipengele au kwenye jumla? Mtu ana 17.5 darasani na 21.5 za mtihani. Jumla ni 39, amefeli kama kufaulu ni 40. Raundi kila kipengele kwanza: 18 na 22, huyo 40, amefaulu. Mwanafunzi yule yule, karatasi zile zile. Tena kuna programu zinazopeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, 44.5 inakuwa 44, wakati ROUND ya Excel inatoa 45. Idara mbili zikitumia njia mbili, mpaka wa daraja umeshahama. Sheria iwe moja: desimali zibaki mpaka mwisho, raundi jumla mara moja tu. Nina hasira na hili kuliko ukurasa wenu uliopinduliwa.

Hoja Binafsi

Jumla ionekane 40 kwenye skrini wakati ndani ni 39.6, hapo ndipo rufaa zinapoanza. Kupunguza desimali zinazoonekana hakubadilishi namba iliyohifadhiwa.

Krediti 120

Afadhali nyie mna tarehe ya mwisho hata kama imepinduliwa. Sisi wa uhamisho wa wanafunzi tumeletewa mstari mmoja: "krediti za vyuo vya nje zitambuliwe zilivyo". Zilivyo vipi? Mfumo wa Ulaya wa ECTS una 60 kwa mwaka, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Uingereza ni 120 kwa mwaka, krediti moja saa 10. Ukichukua "zilivyo", aliyemaliza mwaka mzima kwa ECTS anaonekana kasoma nusu mwaka kwenye kipimo cha 120. Zidisha kwa 2 kwanza, kisha linganisha maudhui ya kozi. Mstari huo haukusema lolote.

Ukumbi Namba Mbili

Krediti zina njia yake ya kurekebishwa. Njooni kwenye ratiba ya mitihani mlie vizuri. Toleo jipya limepandishwa kwa jina lile lile la faili na kiungo kile kile, bila tarehe. Aliyefungua la zamani, kivinjari kinaweza kumrudishia nakala kilichoitunza. Nusu ya wasimamizi wana ratiba moja, nusu nyingine.

Mama Kitivo

Na migongano! Mbona wanaorudia kozi kila mara wanakuta mitihani miwili saa moja?

Ukumbi Namba Mbili

Kwa sababu ratiba inapangwa kwa programu na mwaka. Inahakikisha kozi za mwaka wa pili hazigongani zenyewe kwa zenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyebeba kozi ya mwaka wa kwanza haonekani kabisa. Dawa ni kupanga kwa orodha halisi ya usajili: kwa kila jozi ya kozi hesabu wanafunzi wanaozisoma zote mbili, jozi yenye hata mmoja isiwekwe saa moja. Ila usajili lazima ufungwe kwanza, na wenyewe wanauongezea muda mpaka wiki ya mitihani.

Dawati la Mbele

Usajili unaongezwa muda kwa sababu wakuu wa idara wanaomba. Barua ninazo.

Mama Kitivo

Wanaomba kwa sababu kozi za kuchagua zinafunguliwa kwenye mfumo wiki ya tatu! Mwanafunzi asajili nini wiki ya kwanza?

Ukumbi Namba Mbili

Kozi za kuchagua zinachelewa kwa sababu idara haijasema nani anafundisha, na mfumo haufungui kozi isiyo na jina la mhadhiri. Wekeni jina la mkuu wa idara kwa muda, kozi ifunguke, mtabadilisha baadaye. Na ukumbi ombeni kwa idadi ya waliosajiliwa, si ya mwaka jana. Kuna kozi ya watu 180 imepewa chumba cha 60 na hakuna anayetaka kukisikia.

Krediti 120

Cha 60 kwa mkao wa darasa au wa mtihani? Ukiruka kiti kimoja kati ya mtu na mtu hapo wanaingia 30.

Ukumbi Namba Mbili

Wa darasa. Kwa hiyo mtihani wa hao 180 unataka vyumba sita kama hicho, na wasimamizi wawili kila chumba. Mpaka sasa nina majina manne.