Kahawa mbichi ya Mbinga inapauka ikifika Unguja, niihifadhi vipi?

Muuza kahawa, Mji Mkongwe:
Assalaam alaykum jamaa. Nauza kahawa barazani, dele na kashata kama kawaida, lakini nimeanza pia kukaanga kahawa ya aina ya arabika kwa wateja wanaoitaka tupu, bila tangawizi wala iliki. Nachukua kahawa mbichi ya Mbinga, gunia la kilo 60. Ikifika ni ya kijani iliyokolea na inanukia majani mabichi. Masika yakiingia inaanza kupauka pembeni, kisha punje nzima. Ukiikaanga, ile ladha ya ndimu haipo, unakunywa gunia. Ghala langu halivuji, na walioniuzia walipima unyevu wakakuta 11%. Kosa liko kwenye kahawa au liko hapa kwetu?

Kijana wa Darajani:
Nunua iliyokwisha kukaangwa upumzike. Mteja wa baraza anataka chungu na moto, basi.

Bi Mtambwe:
Waalaykum salaam mwanangu. Kahawa haina kosa, ni hewa yetu. Punje ikishakaushwa bado inavuta maji ya hewani mpaka ilingane na mahali ilipo. Umatengoni, huko Mbinga, mashamba yako mita 1,300 na zaidi juu ya bahari, na msimu wa mavuno ni baridi na kukavu. Huku kilima chetu kirefu kabisa hakifiki mita 150, na bahari iko kila upande. Ghala lisilovuja linazuia mvua, halizuii hewa. Gunia la katani ndiyo kabisa.

Mimi nimekaa Mbinga, mume wangu alikuwa akifundisha huko, na tulipakana na shamba la mama mmoja wa Kimatengo. Nataka ujue kilichomo ndani ya gunia lako. Yule mama hakamui tawi. Anachuma punje nyekundu tu, mojamoja, anaziacha za kijani na kuurudia mti uleule zikishaiva. Nyumbani anazimwaga majini, zinazoelea anazitoa. Anazimenya siku ileile, kisha zinalala kwenye chombo mpaka ule utelezi uishe. Hana saa ya kutazama: anatia mkono, anasugua. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza na kulia kama kokoto, anaziosha papo hapo, maana akichelewa zinanuka siki. Baada ya hapo ni kichanja cha wavu, wiki mbili hivi, kugeuza kutwa, na jua la saa sita anazifunika ganda lisipasuke. Kilo 6 za mbivu zinampa kama kilo 1 ya kahawa safi. Kazi hiyo ndiyo inayoifanya ipate alama 80 na zaidi katika 100 kwa waonjaji. Halafu ije kuharibika kwetu kwa kukosa mfuko! Inaniuma sana.

Siku gunia linafika, lisilale. Gawa kilo tano tano kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani ambayo watu wa Bara wanahifadhia mahindi. Minya hewa yote, funga kila plastiki peke yake. Fungua mmoja, umalize, ndipo ushike mwingine. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na mbali na karafuu, tafadhali. Sisi Pemba tunaivunja karafuu kwa vidole, ikikatika kavu tunajua tayari kwa kuuzwa, lakini harufu yake haina siku ya kukauka, na kahawa mbichi inabeba kila harufu ya jirani.

Mzaliwa wa Moshi, sasa Mbweni:
Bi mkubwa amemaliza. Naongeza moja: waombe wakuuzie nyingine ikiwa bado na ganda lake la ndani. Lile ganda linachelewesha unyevu na harufu. Unakoboa kidogo kidogo kwenye kinu, unapepeta kwa ungo. Ila pigia hesabu uzito, kila kilo 10 zenye ganda zitakupa kama 8. Na ununue kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, upewe risiti. Yule anayemlipa mkulima kahawa ingali mtini anamnyonya mwenye shida.

Muuza kahawa, Mji Mkongwe:
Allah awalipe kheri. Ghala la jirani yangu ni la viungo, kwa hiyo nahamishia chumba cha juu leo hii. Bi mkubwa, na kukaanga? Natumia kikaango cha chuma juu ya mkaa.

Bi Mtambwe:
Kikaango kinafaa, ila mkono usisimame, koroga mfululizo. Zikianza kualika, punguza mkaa, na ule mlio ukitulia toa. Zimwage kwenye ungo, upepee mpaka zipoe kabisa. Usingoje ziwe nyeusi na kutoa mafuta kama ya dele. Ukizifikisha huko ladha ya ndimu imeungua, na kwa kahawa ya namna hiyo ile aina nyingine, robusta ya Bukoba, itakutosha kwa bei ndogo zaidi.