Naomba ushauri: natafuta meza ya JDR mtandaoni, niko Lubumbashi na sijawahi kumaliza hata kikao kimoja

binti_wa_katuba

Jambo wandugu wote.

Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Mchana nauza uniti na kutumia watu feza kwenye kibanda, jioni niko huru. Tangu mwaka jana nimeshikwa na michezo ya uhusika, hii ambayo Wafaransa wanaiita JDR: mmoja anaongoza na kusimulia (wao wanamwita MJ), wengine kila mtu amebeba mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu ndilo linaamua. Nilianza kwa kusikiliza tu vikao vilivyorekodiwa. Navipakua usiku, nasikiliza kesho yake nikisubiri wateja. Mhusika wangu nimeshamwandika nyuma ya daftari la hesabu. Ni mwindaji mwanamke aliyekulia kando ya mto Lufira, anasoma nyayo kama mtu anayesoma barua, na anaogopa maji yenye kina.

Meza, yaani kikundi cha kucheza nacho, ndiyo sina. Hapa ninapokaa sijaona mtu anayecheza. Mtandaoni nimejaribu mara tatu.

Mara ya kwanza nilijibu matangazo saba ya Kiingereza. Hakuna aliyerudisha neno. Mara ya pili Wamarekani walinipokea, lakini walikuwa wanaanza 20:00 ya kwao, na hiyo kwetu ni 03:00. Nilikesha mara mbili bila kufika mwisho. Ya tatu usingizi ulinichukua simu ikiwa mkononi.

Mara ya tatu ndiyo inaniuma mpaka leo. Kilikuwa kikundi cha Kifaransa, saa nzuri kabisa. Mwindaji wangu amelala kifudifudi juu ya jiwe, anachungulia kambi ya majambazi. MJ akaniambia nitupe dadu nione kama nimewaona walinzi. Umeme ukakatika, na mtandao ukaenda nao. Delestaji ya mtaa mzima. Uliporudi baada ya saa mbili nikakuta wameshaniondoa kwenye seva, ile sehemu yao ya kukutania mtandaoni. Hakuna maelezo, hakuna hata kwaheri. Mpaka sasa sijui kama wale walinzi niliwaona.

Naomba mnisaidie: nitafute wapi, nijitambulishe namna gani, na je, mtu wa delestaji kama mimi ana nafasi kweli? Dadu za pande nyingi pia sina, nina lile la ludo tu.

kadutu_usiku

Dada, pole. Huko walikokutoa hakukuwa na meza, usijilaumu.

Ushauri wangu wa kwanza: acha sauti kwanza, tafuta meza ya maandishi. MJ anaandika kinachotokea, kila mchezaji anajibu kwa wakati wake, mara nyingi mara moja kwa siku. Pambano ambalo mezani lingechukua saa moja linaweza kuchukua wiki mbili, kwa hiyo inataka uvumilivu. Lakini umeme ukikatika Jumanne, unajibu Jumatano na hadithi haijakuacha. Nimecheza hivyo kutoka Bukavu miaka mitatu, kwa simu tu. Na kuna kitu kizuri ambacho watu hawakisemi: ukiandika unapata muda wa kufikiri mhusika wako angesema nini. Mgeni kwenye meza ya sauti mara nyingi anabaki kimya kwa sababu wazoefu wanaongea haraka.

Matangazo yako kwenye tovuti ya Reddit, kwenye sehemu ya kutafuta vikundi, na kwenye Discord, ile programu ya kuandikiana na kuongea, katika seva za wachezaji wa Kifaransa. Angalia yale yaliyoandikwa kwamba wanaoanza wanakaribishwa. Yakikosa maneno hayo, pita.

Kuhusu mega, usiogope sauti kupita kiasi siku ukifika huko. Discord kwa kawaida inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni karibu megabaiti 29 kwa saa kwa kila sauti inayosikika, na mwenye chumba anaweza kuishusha hadi 8. Kinachomaliza mega ni video na picha kubwa za ramani. Kwa ramani na dadu za mtandaoni kuna majukwaa: Roll20 ina akaunti ya bure ila kwenye simu naiona nzito, Owlbear Rodeo ni nyepesi. Wakikuambia wanatumia Foundry, jukwaa lingine la namna hiyo, anayenunua ni MJ, wewe hulipi.

Sasa niambie, kwenye yale matangazo saba uliandika nini?

binti_wa_katuba

Aksanti sana kaka. Niliandika: "Jambo, mimi ni mgeni, naomba nafasi." Basi.

kadutu_usiku

Hapo ndipo ulipopotelea. Mwenye tangazo ana nafasi moja au mbili na maombi rundo. Anatafuta mtu, na wewe hukumwonyesha mtu. Yale uliyotuandikia sisi hapa juu yana mtu ndani, mimi tayari namjua mwindaji wako. Andika hivi, kwa Kifaransa chako cha kawaida (UTC+2 ni saa ya kwenu, yaani saa mbili mbele ya saa ya kimataifa):

"Niko Lubumbashi, UTC+2. Nina nafasi Jumatano na Jumapili kuanzia 19:00. Natumia simu. Kwetu umeme hukatika. Ikitokea, nitawaandikia mara tu mtandao unaporudi, na naomba mhusika wangu abaki nyuma akilinda mizigo mpaka nirudi. Nimesoma sheria za msingi, sijawahi kumaliza kikao. Napenda upelelezi na safari kuliko vita."

Hilo la mizigo lishike sana. MJ hapendi kushtukizwa, ila ukimwekea suluhisho mkononi tangu siku ya kwanza, wengi wanakubali. Atakayekataa atakuwa amekuokoa na usiku mwingine kama ule.

kijana_wa_nyali

Mbona mnazunguka? Kuna MJ wa kulipwa, kwenye tovuti ya StartPlaying wamejaa. Unachagua saa, unalipa, unacheza.

kadutu_usiku

Kulipa dola kila kikao, kwa kadi, kwa mtu anayeuza uniti? Na umeme ukikatika pesa imeenda. Siafiki.

mdau_temeke

Habari dada. Mimi niko Dar, nataka niongelee saa tu, kwa sababu ndizo zilizonikosesha vikao vingi kuliko kitu kingine chochote.

Lubumbashi ni UTC+2 mwaka mzima. Paris na Brussels wako UTC+1 wakati wa baridi, halafu wanahamia UTC+2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Maana yake kikao cha 21:00 cha Ufaransa kwako ni 21:00 mwezi wa saba na 22:00 mwezi wa kwanza. Wao wakigeuza saa zao hawatakuambia, kwao ni kitu cha kawaida. Weka alama kwenye kalenda yako. Mtu wa New York yuko nyuma yako kwa saa 6 au 7, kwa hiyo huko tafuta wanaocheza Jumamosi mchana wa kwao, jioni yao achana nayo.

Halafu usimwandikie mtu "saa mbili usiku". Andika 20:00. Mimi nilimwambia MJ mmoja tukutane saa mbili usiku, yeye akaweka saa mbili ya kizungu kwenye kalenda. Nilikaa peke yangu kwenye chumba cha sauti dakika arobaini, nikidhani wamenitenga.

yaya_wa_himbi

Mdogo wangu, mimi ni mwanamke niko Goma, nimekuwa kwenye meza moja muda mrefu. Nataka uangalie watu kabla ya kuangalia saa wala mega.

Meza nzuri ina kikao cha utangulizi, kabla ya dadu la kwanza. Hapo mnakubaliana hadithi itakuwa ya namna gani, mtu akikosa inakuwaje, na ni mambo gani hayataguswa kabisa. Uliza kama watakifanya. Mimi kwenye kile cha kwetu nilisema sitaki vijiji vinavyochomwa, wala watu wanaokimbia na magodoro kichwani. MJ aliandika kwenye orodha, akaendelea na mtu wa pili. Hakuniuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipojua nitabaki.

Mwisho wa Januari 2025 tulikaa hapa siku kadhaa bila umeme, bila maji, bila mtandao. Nilipofungua simu tena nilikuta mhusika wangu wamemlaza kwenye nyumba ya wageni, na kila siku mmoja wao alikuwa ameandika mstari: bado amelala, tumemfunika blanketi. Siku nyingine: tumemwekea supu mlangoni. Nililia, siwezi kukuficha. Kwa hiyo ukiuliza kama mtu wa delestaji ana nafasi, jibu ninalo.

Jambo la pili. Kuna watakaokuandikia pembeni kuomba picha. Mwambie MJ mara moja. Asipolichukua kwa uzito, toka usiku huohuo, hata kama hadithi imefika mahali patamu.

papa_kamalondo

Mwanangu, jambo. Na mimi niko hapahapa Lubumbashi, Kamalondo. Niliujua mchezo huu nikiwa mwanafunzi Ubelgiji, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nikarudi na vitabu viwili kwenye sanduku. Nimefurahi sana kukusoma.

Huyu kijana wa Nyali msimtupie mawe. Kuongoza meza ni kazi, na anayelipwa anakula jasho lake. Ila mgeni asianzie huko, kwa sababu bado hajui anapenda nini, na pesa inamfanya avumilie meza isiyomfaa.

Sheria usinunue. Dungeons & Dragons, ambayo Gary Gygax na Dave Arneson waliitoa Marekani mwaka 1974, leo ni mali ya Wizards of the Coast, na Januari 2023 kampuni hiyo iliweka sheria za msingi, zinazoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Mwaka huohuo zikatoka na kwa Kifaransa. Unazipakua bure, kihalali. Usizisome zote. Soma namna ya kutengeneza mhusika na namna ya kutupa dadu la pande 20, ambalo ndilo moyo wa mchezo: unatupa, unaongeza uwezo wako, unalinganisha na namba ya MJ. Ukifika au ukipita, umefaulu. Mengine utafundishwa ukicheza.

Kuhusu dadu, mtandaoni programu itakutupia, hata boti la Discord, yaani programu ndogo ya mle ndani, linatosha. Ila mimi napenda kitu cha kushika, na dadu lako la ludo linatosha. Kata karatasi ndogo kumi, ziandike 1 hadi 10, zikunje, zitie kwenye kikombe. Chomoa moja na utupe dadu la ludo kwa pamoja. Ludo ikionyesha 1, 2 au 3, namba ya karatasi inabaki ilivyo. Ikionyesha 4, 5 au 6, ongeza 10. Kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina bahati sawa, piga hesabu utaona. Rudisha karatasi kikombeni kila mara, kijana wangu wa kwanza alikuwa anasahau.

Na ninaye huyo kijana na binamu yake, wanataka meza na hawana watu. Tukiwa wanne tunaweza kucheza sisi wenyewe Jumapili alasiri. Uje na rafiki au ndugu yako, tukutane kwanza mchana mahali penye watu, Halle de l'Étoile kwa mfano.

yaya_wa_himbi

Papa, aksanti kwa kuanza na hilo la mahali penye watu. Mdogo wangu, nenda na mtu.

mdau_temeke

Hiyo hesabu ya karatasi na ludo nimeijaribu sasa hivi hapa sebuleni. Inafanya kazi.

binti_wa_katuba

Nimerudi baada ya wiki tatu, mnisamehe ukimya.

Papa, tulikutana Jumamosi, nilikwenda na kaka yangu, na kaka sasa anataka mhusika wake. Jumapili ijayo tunaanza, watu watano.

Nilipeleka ule ujumbe kwa matangazo manne ya Kifaransa. Wawili walijibu. Mmoja alitaka sauti kila Jumanne bila kukosa, nikamshukuru nikakataa. Wa pili ni MJ wa Québec, meza ya maandishi. Aliniuliza maswali kuhusu Lufira, samaki wake, miti iliyo kando yake, akasema hilo la kulinda mizigo linawafaa wachezaji wote, akaliweka kwenye kanuni za meza. Kikao cha utangulizi kilichukua siku nne za kuandikiana. Niliwaeleza ile ya jiwe na wale walinzi.

Jana saa sita mchana nilikuwa kibandani, ujumbe wake ukaingia. Aliandika kwamba mwindaji amelala juu ya jiwe, moto wa kambi uko chini, upepo unatoka upande wake, akaniomba nitupe dadu.

Nina kikombe cha bati na zile karatasi kumi chini ya meza ya uniti. Kulikuwa na mama anasubiri chenji, akaniuliza kama nachezesha tombola. Nilimwambia ngoja kidogo mama. Karatasi ilikuwa 4, ludo ikaanguka 5.

14. Nimewaona. Ni watatu, na mmoja amesinzia.