Naomba ushauri: mama anataka kuacha kemo kwa sababu ya ganzi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu, hapa Lamu, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Sasa yuko kwenye kemo (dawa za kuua seli za saratani) iitwayo paklitakseli, dripu 12, moja kila wiki, amemaliza 7. Nywele kutoka hakukumliza, vidole ndivyo vinavyomliza. Vimekufa ganzi, na yeye ni mshonaji kofia: sindano humponyoka asijue. Daktari asema dawa inapunguza uwezekano wa saratani kurudi, ila ganzi yaweza kubaki, na dozi yaweza kupunguzwa. Mama ajibu, “Nipone nisishone, nitakula nini?” (Kufuata dripu kwa boti hadi Mokowe kisha basi hadi Mombasa nako kumemchosha.) Mliopitia haya, mlipunguziwa dozi au mliacha? Ganzi iliisha? Na Jumatatu tumuulize nini daktari?