Baridi na theluji Rwenzori: mdogo wangu ajikinge vipi?

Muulizaji, Kampala: Habari zenu ndugu. Mdogo wangu anajiandaa kupanda hadi kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, mita 5,109, naye amefunga begi lenye fulana za pamba na koti moja tu. Je, zitamtosha?

Mpagazi, Kasese: Hapana, ndugu yangu. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, na huku kwetu tatizo kubwa ni unyevu, kwa sababu mtu huloa kwenye matope ya bonde kabla hajaifikia barafu. Pamba ikiloa haikauki upesi na hunyonya joto la mwili; avae sufu, na juu yake koti lisilopitisha maji. Soksi kavu za kulalia azifunge ndani ya mfuko wa plastiki, asizivae mchana hata akishawishika. Tena nakuomba sana, asiingize jiko la mkaa ndani ya hema, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Muuguzi, Fort Portal: Naongeza kwamba mtu anayetetemeka, akaanza kuburuza maneno na kushindwa hata kufunga zipu yake, yuko hatarini: avuliwe nguo zilizoloa, afunikwe, apewe chai yenye sukari akiwa anaweza kumeza, kisha ateremshwe. Vidole vilivyokufa ganzi na kuwa vyeupe visisuguliwe.

Muulizaji, Kampala: Asanteni sana. Kesho tunakwenda soko la Owino kutafuta sweta za sufu.