Laptopu ya kazini inagoma intaneti nyumbani, naombeni msaada

Mtunza Leja: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu, hapa Dar. Laptopu niliyopewa kazini ni Windows 11, na jamaa wa IT ameiwekea IP (namba ya mashine kwenye mtandao) ya kudumu, 192.168.10.45, maana seva ya uhasibu inapokea IP maalumu tu. Nikifika nyumbani Wi-Fi inashika, ila hakuna kinachofunguka. Inabidi nirudishe mipangilio iwe ya otomatiki, halafu asubuhi nijaze tena namba zote huku watu wanasubiri vocha zao mezani. Sasa tangu juzi hata nikirudisha, nyumbani bado inagoma. Simu kwa Wi-Fi hiyohiyo inapeta. Hakuna namna ikajua yenyewe iko wapi?

Tatu Bila: Piga format mkuu, Windows 11 ina mambo mengi.

Kebo Ndefu: Format ya nini sasa? Mtunza Leja, tuanze na hilo la juzi. Ukiwa nyumbani fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika ping 8.8.8.8, kisha ping google.com. Lete majibu.

Mtunza Leja: Ya kwanza inajibu. Ya pili inasema haimpati mwenye jina hilo.

Kebo Ndefu: Basi intaneti unayo. Umerudisha IP, DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, ukaiacha ya ofisini. Kwenye kile kidirisha cha IPv4 unachojazia namba, juu ni IP, chini ni DNS, na kila moja ina kitufe chake. Laptopu yako inaulizia majina kwa seva iliyoko kazini, ambayo kutoka kwako haifikiki. Weka zote mbili otomatiki.

Mtunza Leja: Imefunguka! Ubarikiwe mkuu. Na hili la kubadilisha kila siku?

Bi Swichi: Ofisini unatumia waya au Wi-Fi? Kama meza yako ina waya, umemaliza: waya na Wi-Fi kila mmoja una mipangilio yake. Weka ile ya kudumu kwenye waya, Wi-Fi iache otomatiki, usiiguse tena.

Mtunza Leja: Wi-Fi kote kote, dada. Waya ni wa bosi na printa.

Bi Swichi: Basi kazi hiyo ni ya IT, wala si kubwa. Laptopu ibaki otomatiki popote ilipo. Yeye aingie kwenye ruta ya ofisi, aifunge 192.168.10.45 kwa MAC ya laptopu yako, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chake cha Wi-Fi. Ukifika kazini ruta inakupa namba ileile kila siku, na seva haitaona tofauti. Ila kwenye Wi-Fi ya ofisi hakikisheni ile ya kubadilisha MAC ovyo imezimwa, la sivyo ruta haitakutambua.

Mzee wa Bandari: Kuna watu watakwambia utumie "Alternate Configuration", yaani IP ya akiba. Hiyo inafanya kazi pale tu ambapo hakuna DHCP, ile huduma ya kugawa IP otomatiki, inayojibu. Ofisi nyingi ruta inagawa IP kwa wageni, kwa hiyo haitaamka kamwe. Halafu, mhasibu ana nenosiri la admin? IT yenu ni wakarimu.

Kebo Ndefu: Hahaa. Na kama una mishahara ya watu humo, Wi-Fi ya nyumbani iweke "Public", sio "Private". Watoto wa jirani wanaoazima nenosiri wasiione mashine yako. Taarifa hizo zina sheria yake tangu 2022.

Mtunza Leja: IT amefunga hiyo MAC leo, nimefika nyumbani nimefungua tu. Ila diski Z ina alama nyekundu, imekufa?

Bi Swichi: Haijakufa, iko kwenye seva ya ofisi. Ukiihitaji nyumbani omba VPN, njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Kabla ya hapo angalia ruta yako ya nyumbani inagawa namba gani. Ikiwa nayo inaanzia 192.168.10, ibadilishe, maana laptopu itaitafuta seva humohumo sebuleni kwako.

Mtunza Leja: Inagawa 192.168.8.

Bi Swichi: Poa, kaombe VPN.