Mrejesho: wale ndege wakubwa wanaozunguka juu ya kijiji

Wakuu, niliuliza kuhusu ndege weupe wenye mabawa meusi kwa nyuma wanaozunguka juu ya kijiji chetu huku Kondoa, kama watatuharibia mashamba. Mlivyosema ni korongo wa Ulaya nikaanza kuwaangalia vizuri, aisee ni wazuri mno! Hata mabawa hawapigi, wanapanda tu na hewa ya moto, shingo imenyooka mbele miguu myekundu nyuma, ndo maana wakija huku kutoka Ulaya bahari ya Mediterania hawaikatishi, wanazungukia Uturuki na Sinai kule Misri, juu ya maji hewa hiyo haipandi vizuri. Na shambani wanatusaidia kula viwavijeshi. Jana bibi kaacha kupepeta mtama kasimama uani anawatazama tu. Aliyesema niwacheki saa nne asubuhi asante sana, ndo muda wanaanza kupanda.